Mama Ameacha Dawa za Presha kwa Sababu Yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Ukiweza ficha hata kanisa letu, maana wamama wa huku hawapitwi na kitu kwenye ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Thika, ingawa siku hizi kwetu ni Mwihoko, Ruiru. Nasomea udaktari Marekani, katika chuo cha osteopathia. Kama hamjawahi kusikia neno hilo msijali, nimezoea kulieleza. Tunasoma kila kitu madaktari wengine wanasoma, na juu yake tunafundishwa kutibu kwa mikono, kukanda shingo, mgongo na viungo. Nimemaliza masomo ya darasani. Sasa naanza kuzunguka wodini, hospitali moja hadi nyingine, mji baada ya mji, huku nikitafuta madaktari wa kuniandikia barua za kunipendekeza. Baada ya hapo ndipo nitaomba residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, na bila hayo shahada yangu itakuwa ya kutundika ukutani. Kwa kifupi, mimi bado si daktari. Mshike hapo.

Kule sina mtu. Wenzangu wana vikundi vyao vya kusoma, na mimi hukaribishwa vizuri tu, lakini wakimaliza kila mtu anaenda kwa watu wake. Nimezoea kula nikiwa nimesimama jikoni kwa sababu kuketi mezani peke yangu kunaniliza. Kwa hivyo nilipopata likizo kabla ya kuanza wodi, nilikuja nyumbani nikiwa na hamu moja tu, niwe mtoto wa mtu.

Mama yangu ni fundi wa kushona sare za shule. Baba alifariki nikiwa mdogo. Nimebeba jina la cucu, nyanya yangu aliyemzaa mama, na kwa hivyo tangu utotoni mama ameniita Maitu, yaani mama, vile Wakikuyu humwita binti aliyepewa jina hilo. Nilitoka uwanja wa ndege nikisubiri hilo neno. Alinikumbatia akaniambia karibu nyumbani, Daktari. Hajaniita Maitu tena mpaka leo. Na yeye mwenyewe, kanisani, sokoni na kwa chama chao cha akiba, sasa ni Mama Daktari.

Kila alasiri majirani wanakuja na magoti yao na picha za eksirei kwenye mifuko ya plastiki. Hakuna anayeniuliza naishi vipi huko. Nikisema sijahitimu, mama anacheka na kuwaambia daktari mzuri hapendi kujisifu. Nilikasirika, lakini nikaona ni furaha yake, nikamwachia.

Siku moja alilalamika shingo na kichwa vinamuuma. Mtu anayeinamia cherehani kutwa nzima lazima shingo imsumbue, basi nikamkanda vile nilivyofundishwa. Akasema kichwa kimekuwa chepesi, na mimi nikajisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Sikujua kwamba hapo ndipo aliamua amepona.

Niligundua nilipofungua droo ya cherehani nikitafuta uzi. Vidonge vyake vya presha vilikuwa hapo, pakiti haijafunguliwa. Nilimvuta hadi kwa kemisti. Kijana anayeuza dawa hapo alimpima presha, akaona iko juu sana, akampima tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mtu mwingine mkubwa nyumbani wa kuongea naye. Sina.

Nikamsihi arudi kliniki kule Thika, ambako ametibiwa miaka yote. Nikamweleza kwamba kukanda hakushushi presha, na kwamba mtu anaweza kupata kiharusi hata kama kichwa hakimuumi. Aliendelea kushona.

"Wale watu wa kliniki wananijua," akasema. "Wanajua niko na daktari kwa nyumba. Saa hii nikipanga laini na wao, si wataniuliza huyu mtoto nilimsomesha ya nini? Wewe nikande tu. Ukienda, utanielekeza kwa simu."

Nikamwambia basi Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme mimi ni mwanafunzi tu, na niwaombe wamama wamrudishe kliniki wenyewe. Hapo ndipo cherehani ilinyamaza.

"Tukiishi kwa mabanda ya Kiandutu kule Thika nimeitwa majina mengi, na wewe uliyasikia. Hili ndilo la kwanza nimelipenda. Ukinivua jina hili mbele ya watu, usinipigie simu tena."

Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu. Chai ananiletea kwa kikombe cha wageni.

Ndege yangu ni Jumatatu. Nisiporipoti wodini, nafasi yangu atapewa mwingine na maombi ya residensi yatarudi nyuma mwaka mzima. Nikienda bila kusema kitu, namwacha na presha ile na pakiti ambayo hataifungua. Nikisema kanisani, najua wale wamama, watambeba hata kwa nguvu hadi Thika, na atarudia dawa zake. Lakini mama yangu akisema kitu amesema. Na simu yake ndiyo pekee ulimwenguni inayoniuliza kama nimekula.

Naombeni msinitukane, najua nilipokosea. Niambieni tu, Jumapili nisimame au ninyamaze? Kila jambo gumu maishani mwangu nimempelekea mama kwanza, hata yale ambayo tungegombana. Hili siwezi kumpelekea, na sina mtu wa pili. Nishaurini nyinyi.