Gurudumu Lililolia Upande Wangu

Juzi jirani yangu alikuwa akichemsha mafuta ya nazi na kitunguu saumu ili amtie mwanawe sikioni, na harufu ikapita dirishani ikanikuta nikikunja nguo. Nikaketi kitandani na shati mkononi. Kwangu mimi harufu ile si ya masikio tu. Ni ya gurudumu la gari pia, na nikikueleza kwa nini utacheka kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Mjambere, vyumba viwili nyuma ya kanisa: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Karisa, aliyekuwa na miaka sita na ugonjwa wa sikoseli. Kama hujawahi kuishi nao, nikwambie ulivyo. Ni ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Asubuhi mtoto anakimbiza kuku, na saa sita mchana mifupa inamuuma hata shuka haliwezi kumgusa. Hapo maji ya moto na dua havitoshi. Ni afike hospitali kuu, ng'ambo ya daraja, na afike upesi. Mwaka uliotangulia tulingoja gari la kuomba, tukachelewa, na Karisa akalala siku mbili bila kutujua.

Ndiyo maana gari la baba halikuwa gari tu. Baba alikuwa amekata mawe machimboni miaka kumi na minne, kwa ile mashine yenye msumeno mkubwa inayopasua tumbawe kwa kelele ya kutetemesha meno. Alipotoka huko alipata gari jeupe, kuukuu, akawa anawapeleka wafanyakazi wa hoteli Shanzu na kuwarudisha. Lakini kila jioni aliliegesha likiangalia barabara, na sote tulijua linamngoja nani.

Baba alikuwa na desturi ya kuniketisha mbele. Mama na Karisa walikaa nyuma. "Njoo hapa, mama," aliniambia, kama baba zetu wanavyowaita binti zao, "unipe hadithi." Nami nilizitoa kwa sauti kubwa, kwa sababu nikizungumza kwa sauti ya chini alikuwa akiitikia "eeh, eeh" mahali pasipotaka kuitikiwa. Mama alisema baba ana kimya cha jiwe. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, haitiki. Nilidhani ni tabia yake.

Baada ya mvua kubwa, barabara zetu zilipogeuka vidimbwi, nilianza kusikia kitu. Si kishindo wala si mlio wa kukwaruza. Ni uvumo, kama mtu anayesaga mahindi kwa jiwe nyumba ya tatu. Gari likienda polepole hausikiki. Likishika mwendo, nao unapanda.

"Baba, gari linavuma nini?"

Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mtu aliyeshika usukani. "Linavuma vipi? Nieleze vizuri."

Nikaeleza. Nilijiona mkubwa, wallahi. Siku zilizofuata aliniuliza kila safari, naye akawa ananifundisha kupeleleza, kwa uvumilivu ambao mpaka leo nikimfundisha mtu kitu huwa najaribu kuufuata. Aliiondoa gia gari likiwa mwendoni, akauliza kama uvumo umekatika. Haukukatika. "Basi si injini," akasema. "Ni kitu kinachofuata magurudumu." Akabadilisha matairi, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Kama tairi ndilo lingekuwa na kosa, uvumo ungehamia nyuma nalo. Haukuhama. "Basi ni beringi," akasema, na akanionyesha kwa kuviringisha gololi chache ndani ya kifuniko cha chupa: gurudumu huzungukia juu ya gololi kama hizi, na grisi ikishaoshwa na maji ya mvua, chuma husaga chuma, mwishowe kikakwama au gurudumu likalegea njiani.

Kisha akafanya kosa ambalo nadhani ni la kwetu Pwani peke yetu. Kila jioni mama alimchemshia mafuta ya nazi na kitunguu saumu, maana alisema vumbi la machimbo bado linamwasha masikioni. Yaliyobaki kikombeni, baba akaenda kuyamimina katikati ya gurudumu.

"Kinachofaa sikio kitashindwaje kuifaa beringi?" alisema.

"Kesho lipake na manjano," mama akamjibu, "tulitafutie mume."

Tulicheka. Ilikuwa karibu mara ya mwisho mwezi ule.

Alimpelekea gari Fundi Athumani, mzee wa watu aliyekuwa na gereji karibu na barabara ya Malindi. Fundi aliinama, akapitisha kidole, akakinusa. "Baba Kadzo, huu mguu wa gari ama wa kukaanga mihogo?" Kisha akauliza, "Gari lalia upande gani?"

Baba akanigeukia. "Muulize Kadzo."

Fundi alishangaa, lakini akaniuliza. Nikasema, "Upande wangu." Nilikuwa naketi kushoto, na sauti niliisikia miguuni pangu, kwa hiyo sikuona shaka. Fundi akataka kulijaribu gari mwenyewe, baba akasema hapana haja, abiria wanangoja. Ikawekwa beringi mpya kushoto. Kila tulichokuwa nacho kiliingia mle, hata kuku wa mama waliuzwa.

Tulipotoka na kushika mwendo, nikasikia. Uvumo ulikuwa palepale.

Baba alikuwa ananitazama, macho yameng'aa. "Eh, mama? Limenyamaza?"

Ningependa kukuambia kwamba nilisema kweli. Nilifikiria kuku wa mama, na fundi alivyoniamini. Nikasema, "Limenyamaza, baba."

Nilingoja anipige kofi, kwa sababu uvumo ulikuwa umejaa gari zima. Badala yake akapiga usukani kwa furaha na kuanza kupiga mluzi. Anawezaje kutosikia? Nikafikiri ananitega, anangoja nitubu mwenyewe. Sikutubu. Wiki mbili niliketi kiti kile nikipiga hadithi kwa sauti zaidi, kana kwamba naweza kuufunika uvumo kwa maneno yangu, na kila siku ulikuwa umepanda kidogo.

Siku ilipokuja ilikuwa mchana, jua kali, Karisa akiwa uani. Alikaa chini ghafla. Akasema mguu. Halafu akasema mgongo. Halafu hakusema tena. Mama alimbeba kwenye kanga, tukaingia garini, na baba akaondoa gari kwa kasi ambayo hakuwa ameijaribu tangu tutoke gerejini.

Uvumo ukawa ngurumo. Sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zangu. Nyuma, Karisa alikuwa ameishiwa nguvu za kulia, anaguna tu kama mtoto wa paka, na mama anasema jina la Yesu bila kukoma. Baba akauliza, macho mbele, "Amenyamaza? Amelala?"

"Hajalala, baba! Anaguna!"

Lori likaja nyuma yetu, likapiga honi. Likapiga tena. Lilikuwa linatupita kulia, na baba, ili akwepe shimo, akaanza kukata usukani kulia, kuelekea ubavuni mwa lori. Nikapiga ukelele. Hakugeuka. Nikamrukia mkono nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na lori likapita karibu likikata kioo cha pembeni kama jani.

Baba akapunguza mwendo. Jasho lilimtiririka shingoni. Nami nikaona kwamba nisiposema sasa, mdogo wangu atafia njiani na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua.

"Baba, bado linalia. Sikusema kweli. Halijanyamaza hata siku moja."

"Eeh," akasema, kama nimempa hadithi.

Nikamshika shavu, nikamgeuza, nikayarudia maneno yale mbele ya uso wake, kwa kelele, huku nalia. Mara hii yakamfika. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Upande gani?"

"Sijui tena!"

"Utajua. Sikiliza gari likikata kona. Mwili wa gari huegemea upande wa pili, na mguu unaoegemewa, kama ni mgonjwa, ndio unaolia. Niambie tu."

Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa maji. Baba akatoka kulia kuupita, na ngurumo ikapungua. Akarudi kushoto, ikavuma mpaka dashibodi ikacheza. Tulipofika kwenye mzunguko, tukiuzunguka kwa kulia, ilikaribia kunyamaza kabisa.

"Kushoto linalia! Kulia linanyamaza!"

"Basi mgonjwa ni wa kulia. Ni wangu," akasema baba. "Sauti ilipita chini ikakufuata wewe. Hukukosea kusikia, mama. Mimi sikukufundisha yote."

Tukaenda hivyo hadi hospitali, polepole kama maharusi, mimi nikitangaza kila honi, kila pikipiki, kila mara gurudumu lilipobadili sauti, na Karisa akapokelewa na wauguzi akiwa bado anatujua.

Siku tatu baadaye, Karisa akiwa ameanza kula, tulirudi kwa Fundi Athumani mwendo wa kobe. Akatia jeki mguu wa kulia. Hakuniuliza kitu. Alimtazama baba kwa muda, akamshika mkono, akauweka kwenye springi iliyo nyuma ya gurudumu. "Kamata hapa. Usisikilize. Kamata tu." Akalizungusha gurudumu kwa mkono wake mwingine.

Baba akafumba macho. "Linasaga," akasema. "Ni kama mashine ya machimboni." Machozi yakamtoka, nikadhani ni furaha ya kuupata ugonjwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema fundi, lakini kwa upole, uso kwa uso, midomo ikitamka kila neno. Baba akatoa ufunguo mfukoni akamwekea kiganjani. Tangu siku ile mjomba ndiye aliyeendesha gari letu, na baba akarudi kufanya vibarua vya ujenzi.

Miaka mingi niliamini kwamba ulikuwa uongo wangu uliomnyang'anya baba gari. Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza, kana kwamba ni jambo la kila mtu kujua, kwamba machimbo yalimziba baba masikio kabla hata hajanunua gari, na kwamba alificha kwa sababu nani mwingine angemfikisha Karisa hospitali? Ndipo nilipoelewa kwa nini nilikaa mbele. Hadithi zangu hakuwa akizisikia hata nusu. Alitaka masikio yangu. Tulikuwa waongo wawili kwenye viti vya mbele, kila mmoja akimwogopea Karisa, na tulikaribia kumwua.

Sasa nina gari langu. Nikimchukua baba hapo Mjambere hukaa kushoto, kiti changu cha zamani, na hata kabla hajafunga mkanda huweka kiganja juu ya dashibodi. Tukishika mwendo hunitazama mdomo.

"Linasemaje?" huuliza.

Nami humwambia kweli, hata kama ni mlio mdogo wa plastiki, polepole, nikimgeukia ili auone uso wangu.