Mbuta kwa Herufi Kubwa

Jumatano, tarehe sita Mei. Mvua imekaa tangu alfajiri upande wa vilima vya Gwasi, na hapa Magunga tumepata ya rasharasha tu, ya kulowesha nguo kwenye kamba na kuliacha vumbi la chini vilevile lilivyokuwa. Stima ilipotea asubuhi ikarudi karibu na saa sita. Naiandika hiyo stima kwa sababu umeme ndio unaoamua siku yangu tangu nianze kazi ya kitabu cha marehemu mume wangu.

Leo mke mwenzangu alikuja kutoka Migori kukiangalia hicho kitabu.

Wacha nianze nyuma kidogo, maana nikianza na yeye nitaharibu.

Mume wetu alikuwa mkulima, na kwa miaka mingi aliandika kwenye jukwaa moja la wakulima mtandaoni. Mtu akiwa na ng'ombe aliyeumwa na mbung'o, au mahindi yaliyovamiwa na nyani, aliuliza pale, na mara nyingi mume wetu ndiye alijibu. Mwaka huu wenye jukwaa walitangaza kwamba wanalifunga. Binti yangu anayesoma Rongo akatoa kila kitu alichoandika baba yake, akaniletea kwenye flashi. Familia ikakaa. Rapar inakaribia, ile siku ya kumkumbuka marehemu ambapo watu wanakuja kula na kuongea juu yake, wakasema tutoe kitabu kidogo, kila mgeni arudi nacho kwake. Nani atakitengeneza? Wote wakaniangalia mimi. Nina kibanda hapa senta cha kuchapa na kutoa fotokopi. Shule niliachia darasa la nane, na kompyuta nilifundishwa kanisani miezi michache tu, lakini mtu wa hapa akitaka wasifu wa marehemu uchapwe, anaelekezwa kwangu. Sijui kama ni kwa sababu naijua kazi au kwa sababu hakuna mwingine.

Kilichokuwa kwenye flashi hakikuwa kitabu. Lile jukwaa lilikuwa na namna yake ya kuandika. Ukitaka neno litokee kwa wino mnene, unaliwekea mbele mabano ya mraba yenye herufi moja ndani, na nyuma yake mabano mengine yenye mkwaju, kile kistari cha mshazari, kama mtu anayefungua geti, anapita, halafu analifunga. Ukiwa kwenye jukwaa lenyewe mabano huyaoni, unaona neno nene tu. Maandishi yakishatolewa pale, mageti yote yanaonekana. Rangi ina mabano yake, ukubwa wa herufi yake, picha yake, hata kile kisura cha kucheka kina yake. Ukurasa mmoja wa mume wangu ulikuwa kama boma lenye mageti mengi kuliko ng'ombe.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliiambia kompyuta itafute mabano yote na kuyafuta kwa mpigo. Ikafuta. Nikafurahi, nikachapa kurasa chache, nikaketi kusoma. Kumbe mabano mengine ndiyo yaliyokuwa yakionyesha kwamba maneno haya ni ya mtu mwingine, yamenukuliwa ili yajibiwe. Nilipoyang'oa, mume wangu akawa anajiuliza na kujijibu mwenyewe. "Ng'ombe wangu hali tangu jana, nifanye nini wazee?" Halafu papo hapo, "Ndugu, wacha uvivu, mwite daktari wa mifugo." Nilicheka peke yangu kibandani, nikalia kidogo, nikaanza upya.

Mara ya pili nilikwenda geti moja moja. Maneno ya wageni niliyasogeza ndani kidogo na juu yake nikaandika "Mtu aliuliza". Picha zilizokataa kuja niliandika "Hapa palikuwa na picha". Visura vya kucheka nilifuta. Rangi zote niliondoa, kwa sababu printa yangu ina wino mweusi peke yake. Ukubwa wa herufi nao niliamua uwe mmoja, na wino uwe wa kawaida, mwanzo hadi mwisho, kitabu cha marehemu kisifanane na bango la siasa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na naomba ikumbukwe kwamba niliiweka kabla sijafika kwenye mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu.

Ukienda geti moja moja unalazimika kusoma yote. Na mimi, niseme ukweli, sikuwa nasoma kwa ajili ya mabano tu. Nilikuwa najitafuta. Nilijua hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini nilifikiri katika miaka yote hiyo ya kuongea na watu wa kila mahali, lazima siku moja aliandika juu yangu. Nilipata mbung'o. Nilipata nyani wanaotoka msitu wa Ruma, ambao aliwaheshimu kidogo. Nilipata ng'ombe wangu mwekundu, yule niliyepewa na kaka yangu: maziwa yake, miguu yake, jinsi alivyomjua mtu kwa sauti. Ng'ombe wangu ametajwa tena na tena. Mimi sikujipata.

Ndipo nikafika kwenye mbuta. Mtu mmoja alikuwa ameuliza afanye nini na nyanya zilizopasuka, ambazo sokoni hakuna anayezitaka. Mume wangu akamjibu vizuri, mambo ya maji na matandazo, kisha akamalizia kwa herufi kubwa, za ule ukubwa wa mwisho, nene, nyekundu: HAKUNA MTU ZIWA HILI LOTE ANAYEPIKA MBUTA KAMA MAMA WA MIGORI. MPELEKEENI NYANYA ZENU ZILIZOPASUKA. Chini yake watu walikuwa wamecheka, wengine wakiuliza nyumba ya huyo mama iko wapi.

Nilisimama nikatoka nje ya kibanda. Hakukuwa na kitu cha kufanya huko nje.

Sisi Wajaluo mke mwenza tunamwita nyieka, na wivu tunauita nyiego, na mtu akisikia maneno hayo mawili hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini hapa haukuwa wivu wa bure. Kwa desturi, wageni wa rapar wanapokelewa kwanza katika nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, na mikayi ni mimi. Chakula kinaanzia kwenye sufuria yangu. Niliwaona wamekaa chini ya hema, sahani yangu magotini, kitabu nilichokichapa kwa mikono yangu kimefunguliwa kando ya sahani, na marehemu anawaambia kwa sauti ya juu kwamba mpishi ni yule mwingine. Nitapita vipi katikati yao na birika la kunawisha mikono?

Nikarudi ndani, nikatumia sheria. Rangi ikatoka. Ukubwa ukatoka. Wino mnene nao ukatoka. Halafu nikazigeuza herufi kubwa kuwa ndogo, jambo ambalo halikuwa kwenye sheria. Ukawa mstari mwembamba katikati ya habari za nyanya, na mtu mwenye njaa angeupita bila kuuona.

Sasa niseme juu yake kwa haki. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Anauza nyanya soko la Migori na hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Mume wetu alipolala hospitali alipokezana nami bila kuhesabu ni zamu ya nani. Anacheka kirahisi, na watu wanakaa karibu naye kama watu wanaoota moto. Ningekuwa na baya moja la kumsemea ningeliandika hapa. Nimelitafuta kama nilivyojitafuta kwenye flashi, na nimelipata vilevile.

Leo basi alifika mchana, na ndoo ya nyanya na mbuta aliyemnunua ziwani huko Sori, amefungwa kwa gazeti.

"Nyieka, uko? Ama kompyuta ilishakumeza?"

"Niko. Kalia hiki, hicho kingine kina mguu mbovu."

"Vibovu nimezoea, si niliolewa Magunga?"

Nikampa kurasa. Familia ilisema nyumba zote mbili zikione kitabu kabla hakijaenda kuchapwa Homa Bay. Alisoma kwa sauti, polepole, akifuata kwa kidole. "Eh, huyu mzee! Ati nyani ni jirani mwenye watoto wengi." Alicheka mpaka akajifuta macho, na mimi nikajifanya napanga karatasi. Alipofika kwenye nyanya sauti ilishuka. Akausoma ule mstari mwembamba. Akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Hapa kwa mbuta palikuwa na makelele," akasema. "Nakumbuka. Alinionyesha kwa simu, nikamwambia, mzee, unapigia watu kelele."

"Ukubwa wote niliondoa. Unajua wino," nikasema. "Na kitabu kikae kwa heshima."

"Sawa tu. Wino ni wino."

Akaendelea kusoma. Kurasa mbili tatu mbele kidole kikasimama tena.

"Na huyu ng'ombe wako, nyieka. Yeye wino wake ulitoka wapi?"

Nikainama kuangalia. Pale mume wangu alipoandika kwamba ng'ombe mwekundu hana mwenzake, maneno yalikuwa bado mazito, meusi tititi. Geti la wino mnene nilikuwa nimelibadilisha likawa wino mnene wa kweli, kwa uangalifu mkubwa, na sikuligusa tena. Nikisema nilisahau, huenda nadanganya. Nikisema nilikusudia, pia sina uhakika. Yeye hakungoja jibu. Alianza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa mwili wote.

"Hata ng'ombe! Aki nimeshindwa na ng'ombe!"

Nikacheka pia, lakini nilichelewa.

Alipotulia akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Sikiza. Wacha mbuta ikae hivyo ndogo. Mimi sitaki shida. Watu watakuwa wanakula kwako siku hiyo, si vizuri."

Alikuwa ameona kila kitu: hema, sahani, birika. Na alikuwa ananiachia. Kama angegombana ningeiacha ndogo vilevile. Hilo la kuniachia ndilo nililoshindwa kuvumilia, kwamba hata katika hili yeye ndiye awe mwema na mimi niwe mwenye kuonewa huruma. Nikavuta kibodi. Nikafungua ile faili ya kwanza kabisa kutoka kwenye flashi ili nisiongeze wala kupunguza, nikarudisha herufi kubwa, nikarudisha wino mnene, nikarudisha ukubwa. Rangi peke yake ndiyo sikuweza. Niliirudisha kwa hasira, si kwa wema, na yeye aliyekuwa amekaa pale anajua hivyo.

Ng'ombe naye nilimwacha mnene. Sheria ikafa kwa wote wawili.

Mbuta ilipokuwa kubwa ilisukuma mistari iliyofuata, na kitabu cha kukunja kinataka karatasi nzima, yaani kurasa nne, kwa hiyo tukapata kurasa tupu mwishoni. "Kwa hivyo mimi nimewaongezea karatasi," akasema, na hakujificha kwamba amefurahi. Tukajaza na nyimbo mbili za kanisa ambazo marehemu alizipenda na hakuwahi kuziimba sawasawa.

Kisha nikauliza. Sikuwa nimepanga kuuliza. "Wewe ulikuwa unaona akiandika. Kwa nini mimi simo humu hata mara moja?"

Aliangalia nje, kwenye rasharasha.

"Nilimuuliza hiyo. Nikamwambia, mimi unaniweka kwa herufi kubwa, na mikayi je? Akasema, 'Yule siwezi. Nikiandika kitu juu yake atasoma aseme haikuwa hivyo.'"

"Si kweli," nikasema. "Sikuwahi kumsahihisha mbele ya watu."

Akabana midomo asicheke.

"Labda mara moja," nikasema. "Ile ya mwaka wa ukame. Na hiyo alikuwa amekosea kweli."

Hapo alicheka mpaka mguu mbovu wa kiti kingine nao ukatikisika, maana alikuwa amekiegemea hicho kiti. Sijui kama aliniambia alichosema marehemu au alitunga hapo hapo ili nipone. Yote mawili anayaweza. Nikiamini, basi bado kuna hili: ni yeye aliyeambiwa, na mimi nimekuja kusikia leo, kutoka kwa mdomo wake.

Nilihifadhi kitabu kama PDF, ile faili ambayo ukiifungua kwenye kompyuta yoyote inabaki ilivyo, mistari haihami wala herufi hazipungui. Ukitaka kubadilisha lazima urudi mwanzo. Nikaitia kwenye flashi, nikampa. Kesho asubuhi anaipeleka Homa Bay mwenyewe. Nilipofunga kibanda nilifikiri kwamba sasa hata nikitaka kumpunguza, ameshaniponyoka.

Jioni kila mmoja alipika kwake, yeye katika nyumba yake ya hapa nyumbani, kama ilivyo desturi ya boma, na tukatumiana sahani. Mimi nilisonga ugali wa mtama na kupika mboga ya osuga kwa maziwa ya ng'ombe mwekundu, nikamtumia. Yeye akaniletea mbuta kwa nyanya zake, zilizopasuka zote. Niliionja nikitafuta kosa. Chumvi ilitosha, pilipili ilitosha, na nyama ilikuwa inaachana na mfupa yenyewe. Nilikula nikamaliza, nikafuta mchuzi kwa ugali.