Mama Afungia Pikipiki Geti

Leo mamangu amefungia kundi zima la pikipiki nje ya geti yetu, Kinoo!

Mimi na wenzangu wa pikipiki tulitoka mjini tukichangisha pesa za wazee waliopoteza kumbukumbu, kama yeye. Nikawapitisha nyumbani wamsalimie.

Kuona pikipiki zimefungwa riboni za mchango, mama akajua ni harusi. Na harusi za kwetu, wageni wanaokuja kuchukua bibi harusi hawafunguliwi geti mpaka waimbe.

Mama huyu hajamaliza sentensi tangu Krismasi. Akapaza sauti: "Imbeni kwanza, ama mrudi kwenu!"

Jameni, wanaume na helmeti zao wakaimba! Wakacheza mpaka vumbi likatimka. Na yeye akawajibu kila ubeti!

Akafungua geti, akanipangusa machozi bila kunijua. "Usilie, bibi harusi. Hawa wameimba vizuri. Enda nao."

Nikaenda nao, honi zikilia mpaka Westlands.

Nani mwingine ameozwa na mamake leo?