Aliyesema "Acha Maji"

Lusweti aliendesha boila ya kiwanda kimoja cha sukari huko Kabras tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Siku bomba la mvuke lilipopasuka, mwenzake Kiplagat alikuwa amesimama karibu nalo, akafa papo hapo. Chumba kikajaa mvuke. Kioo cha kuonyesha kiasi cha maji kikavunjika, Lusweti akabaki hajui kama boila ina maji au imekauka.

Akapapasa mpaka akashika koki ya maji. Hapo ndipo aliposikia sauti ya Kiplagat sikioni, tulivu, kama ya mtu anayeomba chumvi mezani: "Acha maji. Toa moto."

Akaiacha koki. Akazuia makapi ya miwa yanayochochea moto yasiingie tena tanuruni, akafungulia mvuke utoke nje, kisha akatambaa kuelekea kwenye mwanga. Wakaguzi waliokuja baadaye walisema boila ilikuwa kavu, chuma kimeiva kama kaa la moto. Maji yangelipua jengo zima pamoja na watu waliokuwa uani wakishusha miwa.

Habari hizo zilimfikia Muhonja, binti kutoka Navakholo aliyesomea mitambo ya nyuklia ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kupima binadamu: ajali ikishapita kiasi kilichotarajiwa, mita zote zikazima na maagizo yakaishia njiani, yule aliyebaki mtamboni anaweza kutegemewa kwa kiasi gani? Alikuja kwa Lusweti mchana mmoja, akanywa chai, akamwuliza habari za joto, za harufu, za wazo lililomjia kwanza. Lusweti alimweleza yote, na ile sauti pia. Muhonja hakucheka.

"Mzee, na kama ingekwambia uweke maji?"

Lusweti alitazama mikono yake. "Ningeweka."

Akiaga, Muhonja alimwambia kwamba hata wahandisi aliowapima katika mazoezi, wengine humnong'oneza kuwa kuna mtu aliyewaelekeza. Wakiulizwa ni nani, hubadili mazungumzo.

Maneno hayo yalimkosesha Lusweti raha. Akasafiri hadi Lugari kwa Jepkemboi, mjane wa Kiplagat, kumshukuru kwa niaba ya wote waliopona. Mama huyo alilia kidogo, kisha akataka kujua marehemu alitamka vipi hasa. Lusweti akayarudia kama alivyoyasikia, kwa Kikabras, lugha ya kwao.

Jepkemboi alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Baba Cheptoo hakujua Kikabras," alisema juu ya mumewe. "Hata salamu."

Ni kweli. Miaka yote Lusweti na Kiplagat walikuwa wamezungumza Kiswahili.

Aliporudi, Lusweti aliomba ahamishiwe langoni, kwenye mizani ya miwa. Meneja alikataa, akasema mtu wa kuaminika namna hiyo haondolewi motoni.

"Huyo mnayemwamini si mimi," Lusweti alimjibu. "Na simjui."

Mwishowe alikubaliwa; siku hizi anapima miwa. Nafasi yake kwenye boila ilitangazwa, na hadi leo hakuna wa kiwandani aliyeiomba.