Okot na barua ya stesheni

Sielewi. Binti wa Okot amenipigia asubuhi kuniambia baba hayupo tena, na mimi nikamjibu, "Hapana, leo Ijumaa, anakuja kwangu."

Okot alikuwa mtu wa kupungia treni bendera kwenye ile stesheni ndogo ya nyuma ya mtaa wa Katwe. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la tiketi. Wengi wenu hamjui kama pale kulikuwa na stesheni, na hata abiria hawakujua.

Siku nyingine treni inasimama, anashuka mama mmoja na kuku wake, basi. Okot anampigia saluti kama vile ameshuka waziri.

Saa zilizobaki tulipiga stori. Yeye mtoto wa askari wa Gulu, mimi wa Arua, Kiswahili chetu kile cha kambini.

Halafu kukawa na tetesi za kufunga stesheni, tukaambiwa tusubiri barua. Ikaja: treni za abiria basi, stesheni inafungwa, kazi yetu imekwisha. Niliifungua mimi. Nikamtazama Okot anapaka chokaa mawe ya platfomu, roho ikakataa. Nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia maboss bado wanafikiria.

Nikapata kazi ya karani shule moja ya Mengo. Yeye akaendelea kwenda stesheni na yunifomu yake. Watu wakasema amechanganyikiwa. Niliona aibu, maana nilijua nani kamchanganya.

Kila Ijumaa alipita kwangu, akiniita nyabo, yaani bibie.

"Nyabo, barua imekuja?"

"Bado, Okot."

"Haya, wataleta tu. Chai iko?"

Miaka mingi, banange. Yunifomu ilipochakaa aliacha kwenda stesheni, lakini kuuliza hakuacha. Pasaka hii nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli. Nikaishia kumwongezea sukari.

Sasa binti yake ananiuliza kuhusu karatasi aliyoikuta kwenye faili ya baba. Akanisomea. Ni barua ile ile, ya wiki ile ile, ila hii ina jina la Okot na ilitumwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo alijua. Alijua siku zote.

Basi alikuwa anauliza nini? Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe? Au Ijumaa hakuwa na mahali pengine pa kwenda? Tangu asubuhi nazunguka ndani ya nyumba. Nimechemsha chai, sijui ya nani. Miaka yote nilijiona mwongo peke yangu.

Okot, ndugu yangu, ungegonga tu. Ningekufungulia hata bila swali.

Barua ilikuja. Nisamehe. Lala salama.