Desa Lisilo na Jina

Bushiri alikuwa na wasomaji kumi na mmoja, na wanne kati yao nilikuwa mimi, maana kila kompyuta ya kafe yangu ya intaneti niliyofungulia blogu yake ilihesabiwa kuwa msomaji mpya. Mwaka huo wa 2007, pale Gerezani, ukisema unaandika blogu watu walikupa pole. Yeye hakujali. Asubuhi alikaa kwenye kompyuta namba tano, ile ya kugonga herufi A kwa nguvu, akaeleza kwa Kiswahili safi jinsi ya kuandika programu. Mchana alifundisha vijana sita kwenye chumba kilicho juu ya duka la vipuri, kwa kompyuta mbili, moja mgonjwa.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu: kufundisha kwenye chuo cha kweli. Miaka hiyo vyuo vya kompyuta vilikuwa vinafunguliwa kila ghorofa, lakini vyote vilitaka mtu anayetambulika. Mama yake alikwishachoka kuwaambia majirani kwamba mwanawe anashinda intaneti.

Somo lake lililopendwa lilikuwa la stoo, programu ya kuhesabu mzigo wa dukani. Mzee Jamnadas, mwenye lile duka la vipuri, akakubali kuijaribu. Baada ya wiki mbili akamwita.

"Bushiri, kompyuta inasema nina pampu za maji hasi tatu. Yaani nimeuza pampu ambazo sina. Sasa hao wateja niliwafungia nini?"

Bushiri aliona aibu mpaka masikio yakamwiva. Siku hiyohiyo akaongeza mistari miwili ya kuzuia kuuza kisichokuwepo, akarekebisha blogu na kuwaomba radhi wasomaji wake wote kumi na mmoja.

Tatizo lilikuwa mimi. Wanafunzi hawakuweza kukaa saa nzima kwenye mtandao wakisoma, kwa hiyo kabla ya kisa cha pampu walikuwa wameniomba niwachapie lile somo. Nikalichapa, nikalitoa kopi, nikalibana pini, likawa desa, notisi za wanafunzi kupitishiana mkono kwa mkono. Ili karatasi zitoshe nilikata sehemu ya juu, ambapo ndipo lilipokuwa jina lake. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nabana matumizi. Desa likatoka Gerezani, likavuka Jangwani, likazunguka mpaka Buguruni, na mwisho likaingia kwenye chuo kimoja cha kompyuta, ambako lilipigwa muhuri kuwa notisi za chuo.

Bushiri alipoitwa kwenye usaili wa chuo hichohicho, mkuu wa chuo, Mwalimu Polycarp, alimpa swali la kuandika programu ya stoo. Bushiri nusura acheke. Akaandika yote, pamoja na ile mistari miwili. Mwalimu Polycarp akafungua desa, akawa analinganisha kwa kidole.

"Hapa umeongeza vitu."

"Nimerekebisha, mwalimu. Bila hivyo mtu atauza asichokuwa nacho."

"Kwenye notisi za chuo havipo."

"Notisi hizo niliandika mimi."

Mwalimu Polycarp akageuza karatasi mbele na nyuma bila haraka. "Jina lako liko wapi?"

Kwa huruma wakamwambia arudi Jumatatu, ila asome kwanza.

Alikuja kunisimulia huku anacheka, kicheko cha mtu anayezuia kitu kingine. Mimi sikucheka. Nilijiona mwizi, na nikamwambia hivyo: mkasi uliokata jina lake ulikuwa wangu. Nikamwahidi kulichapa upya lile lililorekebishwa, jina lake juu, herufi kubwa, hata kwa wino wa rangi.

"We nichapie lile la zamani, da Chiku."

"Lenye kosa?"

"Ndilo wanalosahihishia."

Nikatoa nakala ya kwanza kabatini, nikaiweka kwenye mashine.

"Basi hata hili niliandike jina lako hapa juu."

Aliitazama ile karatasi, akasoma mistari ya mwisho, pale pampu za mzee Jamnadas zilipopotelea.

"Hapana," akasema. "Hilo usiliandike jina langu."

Akakaa namba tano, kompyuta ikiwa imezimwa, akalikariri kosa lake mpaka adhuhuri. Jumatatu alipata alama zote.