Vichwa vya Jumapili

Kila Jumapili baada ya ibada Naisula alitoka Kitengela kwenda kwao Kisaju, na kabla hajafika mlangoni watoto watatu wa kaka yake Parsaoti walikuwa wameshajipanga mbele yake, vichwa vimeinama. Kwa Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Humletea kichwa, na mkubwa hukigusa. Naisula alivigusa vyote vitatu kwa zamu, akimalizia na cha Silantoi, aliyekuwa na miaka mitano na nywele fupi zilizokwaruza kiganja. Hapo wiki yake ilikuwa imelipwa, na hakuna mtu angemwambia kitu.

Alikuwa na virusi vya UKIMWI kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mumewe alipofariki, wakwe walimrudisha kwao akiwa ngozi na mifupa, na mama yake, Mama Parsaoti, ndiye aliyempeleka hospitalini Kajiado, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko mpaka akasimama tena. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mnene wa kutosha kutaniwa, amepanga chumba Kitengela na anafanya kazi kwenye kliniki moja huko, akiwatuliza waliopimwa karibuni. Dawa hakukosa hata siku moja, na virusi vilikuwa vimepungua mpaka mashine haivioni. Na hata visingepungua, hakuna mtoto aliyewahi kuambukizwa kwa kuguswa kichwa.

Mwaka huo wakaja watu wa utafiti. Walitaka kupima unyanyapaa. Naam, kuupima, kama unavyopima unga dukani. Fomu ilikuwa na maswali thelathini na matatu na kila swali lilikuwa na majibu manne: kamwe, mara moja, mara kadhaa, mara nyingi. Kamwe ni sifuri, mara nyingi ni tatu. Unajumlisha chini, na namba inayotoka ndiyo maumivu yako. Aliyebuni hesabu hiyo sidhani kama amewahi kutengewa kikombe, lakini tumwache, nia yake ilikuwa njema.

Waliouliza maswali walichaguliwa miongoni mwa wenye virusi wenyewe. Kila mmoja alijaza fomu yake kwanza, na angejaza nyingine kama hiyo baada ya mwezi, ionekane kama majibu yanasimama. Naisula alipata sifuri. Msimamizi wao, Wilkister, aliitazama karatasi, akamtazama mwenyewe, akamuuliza kama anaishi duniani au wapi. Naisula alicheka akamweleza habari ya vichwa.

Kisha akaanza kuzunguka na mkoba wake wa fomu. Alimpata mzee ambaye wanawe walimjengea chumba mbali na nyumba kubwa, ati apate kupumzika. Alimpata mama ambaye sahani yake ilitundikwa nje kwenye msumari, mvua iioshe. Mzee alipata arobaini na mbili, mama hamsini na moja. Naisula aliandika namba zao kwa mwandiko safi, na moyoni, nitasema ukweli, alikuwa akimshukuru Mungu kwa namba yake mwenyewe.

Halimo, muuza vitambaa wa pale Kitengela, alifunga mlango wa duka ndipo akakubali kuulizwa. Dada yake humkaribisha vizuri sana, alisema, ila watoto huitwa chumbani mara tu anapobisha hodi. Alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio. Waulizaji walikuwa wamekatazwa kutoa habari zao wenyewe, lakini Naisula alishindwa kujizuia. Alimwambia asikate tamaa, kwamba kwao yeye watoto humkimbilia na vichwa vyao, na kwamba watu hubadilika. Halimo alimsikiliza mpaka mwisho, akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mapajani.

"Na ukishaenda?" aliuliza.

Naisula hakumwelewa.

"Wakikusalimia ni sawa. Mimi nauliza ukishaenda, dada."

Naisula aliondoka amekasirika kidogo. Alijisemea kwamba mtu aliyeumizwa huona ubaya kila mahali.

Jumapili iliyofuata alikunywa chai kwao, akapiga soga, na mama yake akamsindikiza mapema kama kawaida yake, akimhimiza asichelewe gari. Alikuwa ameshafika kwenye barabara ya Namanga alipokumbuka kuwa mkoba wa fomu ameuacha chini ya kiti. Siri za watu zilikuwa mle. Alirudi mbio mbio.

Nyuma ya nyumba alisikia maji. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti yake mabovu yamepanuka pande mbili za karai, na maji ya karai yalikuwa meupe kwa dawa ya kuua viini. Harufu yake Naisula aliijua vizuri kutoka kliniki. Watoto wawili wakubwa walikuwa wameshamalizwa, wanajianika juani. Kichwa cha Silantoi kilikuwa mikononi mwa nyanya yake, kimejaa povu.

Mtoto ndiye aliyemwona kwanza. Aliponyoka akaja mbio, akasimama mbele ya shangazi yake, akainamisha kichwa kilicholowa kama alivyofundishwa. Mkono wa Naisula haukuinuka.

Mama Parsaoti aliwaambia watoto waingie ndani. Hakukana wala hakutafuta la kusingizia.

"Tangu lini, Yeyo?" Naisula alimuuliza mama yake.

"Tangu huyu mdogo azaliwe."

Akamweleza. Zipporah, mke wa Parsaoti, alikuwa ameapa kwamba siku Naisula atakapomgusa mtoto wake mchanga, atawabeba wote watatu arudi kwa wazazi wake Kimuka. Parsaoti alinyamaza, kama wanaume wengi wanavyojua kunyamaza. Mama akambembeleza mkwe wake siku tatu nzima. Mwishowe wakakubaliana: watoto wataendelea kumsalimia shangazi yao, mradi waoshwe akishaondoka, na atakayewaosha ni nyanya, kwa mikono yake na kwa maji aliyoyachota mwenyewe. Kisima hakikuwa karibu. Naisula alikuwa amemnunulia mama yake dawa ya magoti miaka mitano, akishangaa kwa nini haimsaidii.

"Nilikuogesha ukiwa huwezi hata kugeuka, nakerai, mwanangu," mama alisema. "Unajua mimi siogopi. Lakini hawa watoto si wangu. Nilitaka tu uendelee kuletewa vichwa."

Naisula alitaka kukasirika na akakosa wa kumkasirikia. Zipporah alikuwa bado kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na huyu aliyekuwa mbele yake alikuwa mzee mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Alichukua mkoba wake akaenda. Machozi yalimtoka njia nzima na hakuyafuta.

Mwezi ulipofika, aliketi kujaza fomu ya pili. Swali la kumi na nne liliuliza kama katika miezi kumi na miwili iliyopita mtu wa familia amefanya jambo lolote kujikinga na mguso wake. Zamu ya kwanza alikuwa amejibu kamwe bila hata kufikiri. Sasa alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akaweka alama kwenye mara nyingi. Alitafuta swali ambalo lingemuuliza kama kuna mtu aliyemchotea maji kwa miaka mitano ili asijue. Hakuliona.

Wilkister alijumlisha, akalinganisha na ile ya kwanza, akaridhika. Tatu kati ya tisini na tisa ni kama sifuri tu, alisema, kwa hiyo majibu yamesimama. Naisula alikubali kwa kichwa.

Jumapili mbili hakwenda Kisaju. Ya tatu alienda, maana mama ni mama, lakini alikuwa amekata shauri. Angewasalimia watoto kwa mdomo tu, mikono iwe ndani ya shuka. Asipowagusa hapatakuwa na cha kuosha, na mama yake angepumzika Jumapili moja.

Watoto walijipanga kama siku zote. Aliwauliza habari za shule, akaisifu sare mpya ya mkubwa, na mikono yake ilibaki ndani ya shuka. Wakubwa wawili walingoja kidogo, wakatazamana, wakainua vichwa wakaenda kucheza. Silantoi hakuondoka. Alibaki ameinama mbele ya shangazi yake, akidhani zamu yake haijafika.

Naisula aliinua macho. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni ameegemea mwimo, anawatazama, na karibu na miguu yake palikuwa na mtungi uliojaa.

"Mguse, nakerai," alisema. "Maji nimeshachota."